Mashine Zinazojisimamia na Mwenye Amana

Uchakataji kwa mafungu ni utaratibu wa kuipa kompyuta kazi nyingi kwa pamoja, zikae foleni na kufanywa bila mtu kuketi mbele ya skrini akijibizana na mashine. Hesabu za mishahara, ankara za umeme, utabiri wa hali ya hewa, uchambuzi wa vinasaba na uchoraji wa filamu za katuni hufanywa hivyo. Anayetuma kazi jioni anataka majibu asubuhi. Katikati kuna usiku, na usiku huo ndio wenye swali la kale ambalo teknolojia imelifufua. Mazingira ya kompyuta yanapojisimamia yenyewe, yakaongeza seva na kuzipunguza, yakaanzisha kazi na kuzirudia, yakatumia fedha na umeme wa watu, msimamizi ni nani? Na likitokea baya, ataulizwa nani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kompyuta kubwa ilitumiwa kwa zamu. Mwandishi wa programu alifika na kadi zake zilizotobolewa, akapanga kanda na swichi, akaendesha kazi yake, akaondoka. Mwenziwe akaanza upya. Mashine ya bei kubwa ilikaa bure kwa muda mrefu ikingojea mikono ya watu. Mwaka 1956 wahandisi wa General Motors na North American Aviation walitengeneza programu iliyoitwa GM-NAA I/O kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Kazi moja ilipokwisha, programu hiyo iliivuta inayofuata bila kungoja mtu. Huhesabiwa kuwa miongoni mwa mifumo endeshi ya kwanza kabisa. Uamuzi ulioachiwa mashine hapo ulikuwa mdogo: kipi kifuate. Opereta alibaki, na wajibu wake ulijulikana: kuweka kadi, kubadili kanda, na kuikata kazi iliyokuwa ikizunguka bila mwisho.

Huduma za wingu zimemwondoa hata opereta huyo. AWS Batch ya kampuni ya Amazon, iliyotangazwa Desemba 2016, inafaa kuchukuliwa kama mfano kwa sababu nyaraka zake ziko wazi kwa kila msomaji. Mtumiaji huandika maelezo ya kazi: programu gani iendeshwe ndani ya kontena, inahitaji prosesa ngapi na kumbukumbu kiasi gani. Kazi hutumwa kwenye foleni, na foleni huunganishwa na mazingira ya kompyuta. Katika mazingira yanayosimamiwa na huduma yenyewe, mtumiaji hutaja kiwango cha chini na cha juu cha prosesa pepe, aina za seva zinazoruhusiwa na mkakati wa kuzichagua. Yaliyobaki ni ya mfumo. Unaitazama foleni, unakadiria mahitaji, unakodi seva, unazigawia kazi, na kazi zikiisha unazirudisha. Kiwango cha chini kikiwekwa sifuri, seva zote huondoka na mazingira hubaki jina tu mpaka kazi nyingine iingie.

Ukubwa wa nguvu iliyokabidhiwa hauonekani mpaka zitazamwe tarakimu. Kazi moja ya safu inaweza kuzaa kazi ndogo hadi 10,000. Kila moja inaweza kuruhusiwa kujaribiwa mara 10 ikishindwa. Seva zinaweza kuwa zile za akiba ambazo Amazon ilianza kuzikodisha kwa bei ya chini mwaka 2009, zikiwa na sharti kwamba mwenyewe akizihitaji atazichukua kwa kutoa taarifa ya dakika 2. Basi amri ya mstari mmoja iliyoandikwa na mtu mmoja saa kumi na moja jioni inaweza kuamsha maelfu ya mashine katika majengo ambayo hatayaona maishani, zikanyang'anywa katikati ya kazi, zikatafutwa nyingine, kazi ikaanza tena, na yeye hana habari.

Wanaopenda kutafuta mizizi ya mambo haya humrejea Aristotle. Katika kitabu cha kwanza cha Siasa aliwaza kwamba kama kila chombo kingefanya kazi yake kwa kuamriwa, au kwa kutambua kabla ya kuamriwa, na mitambo ya kufumia ikafuma yenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Maneno hayo hunukuliwa sana kama bishara ya otomatiki, na mara nyingi husahauliwa kwamba yamo ndani ya hoja ya kuutetea utumwa. Lakini katika kitabu hichohicho iko sehemu nyingine inayoligusa suala hili kwa karibu zaidi. Aristotle anasema kwamba elimu ya bwana ni elimu ya kutumia watumwa, na kwamba elimu hiyo haina ukuu wowote. Kwa hiyo wenye uwezo humwachia msimamizi adha hiyo, wao wakajishughulisha na siasa au falsafa.

Hapo pana hatua mbili, na si vema kuzichanganya. Ya kwanza ni kumwondolea mtu kazi ya mikono. Ya pili ni kumwondolea kazi ya kuwasimamia wafanyao kazi. GM-NAA I/O ilianza hatua ya kwanza. Mazingira ya wingu yanayojisimamia ni hatua ya pili iliyofika mbali. Aristotle aliiona ya pili kuwa jambo la kawaida kwa sababu aliyeachiwa usimamizi alikuwa mtu: angeweza kuitwa, kuulizwa, kulaumiwa, kuadhibiwa. Hakulazimika kuuliza itakuwaje msimamizi akiwa kitu kisichoweza kuitwa mbele ya yeyote.

Aliyeukaribia ugumu huu zaidi ni mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz, ambaye mwenyewe alibuni mashine ya kukokotoa. Mwishoni mwa 1715 alimwandikia Caroline, mke wa mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, akiwashutumu wafuasi wa Isaac Newton. Newton alidhani kwamba mwendo wa sayari hujikusanyia kasoro ndogondogo hadi ulimwengu uhitaji kutengenezwa upya. Kwa Leibniz hiyo ilikuwa dharau kwa Muumba: ni kumfanya fundi wa saa asiyejua kazi yake, ambaye kila mara hulazimika kuitia ufunguo na kuisafisha. Fundi hodari, alisema, ni yule ambaye saa yake haihitaji kuguswa. Aliyejibu alikuwa Samuel Clarke, kasisi wa Kianglikana na rafiki wa Newton. Clarke alisema kwamba ulimwengu unaoendelea bila Mungu kuingilia kati ungekuwa kama ufalme ambamo mambo yote hufanyika bila mfalme kuamuru lolote. Mfalme wa namna hiyo angekuwa mfalme wa jina, na wenye kudai kwamba ufalme waweza kwenda hivyo wangeishia kusema kwamba haumhitaji. Barua zilipishana hadi Leibniz alipofariki Novemba 1716, na mwaka uliofuata Clarke akazichapisha.

Wahandisi wa leo, bila kujua, wengi wamesimama upande wa Leibniz. Sifa ya mfumo mzuri ni kutoguswa. Mhandisi anayeamshwa usiku kutengeneza foleni huona aibu kama fundi aliyerudishiwa saa, na kampuni za wingu huuza huduma zao kwa ahadi hiyohiyo ya kulala usingizi. Ahadi hiyo ina haki yake. Mtu anayelazimika kukesha ili mashine zisikwame hukosea kwa uchovu, na mazingira yanayotengenezwa kwa mkono kila usiku hujaa viraka ambavyo hata aliyevitia hawezi kuvieleza.

Lakini hoja ya Leibniz ina nguzo moja ambayo mhandisi hana. Muumba anayemzungumzia anajua tangu mwanzo kila litakalotokea. Kutoingilia kwake ni matunda ya kujua kwake. Kila hali imekwisha kuonwa na kupangiwa. Anayeandika mipangilio ya mazingira ya kompyuta hajui kesho zitaingia kazi ngapi, hajui bei ya seva za akiba itakuwaje, hajui kwamba mwenziwe ataandika kazi inayojizalisha yenyewe bila kikomo. Kujitenga kwake hakuwezi kuhalalishwa na ujuzi usiokuwepo. Hivyo jibu la Clarke, ambalo juu ya Mungu lina ubishi mwingi, juu ya binadamu lina uzito kamili: mwenye mamlaka asiyejua yote, akikata kabisa uhusiano na yanayotendeka, amebaki na jina la mamlaka. Kujitenga kunahitaji msingi mwingine, na msingi huo hupatikana vizuri zaidi katika sheria za amana kuliko katika elimu ya uumbaji.

Qur'ani, katika sura ya Al-Ahzab, inasimulia kwamba amana ilionyeshwa kwa mbingu na ardhi na milima, vikakataa kuibeba kwa kuiogopa, akaibeba binadamu. Wafasiri wametofautiana juu ya amana hiyo ni nini, lakini wengi wameifungamanisha na wajibu wa kutii au kuasi kwa hiari na kuulizwa baadaye. Kwa mafundisho hayo, ukubwa wa nguvu si kipimo cha kufaa kubeba amana, maana milima ina nguvu kuliko mtu. Elimu ya fikihi ikalishusha wazo hilo hadi sokoni. Wakili aliyekabidhiwa mali ya mwingine hafidii kilichoharibika mkononi mwake, isipokuwa amevuka mipaka aliyowekewa au amefanya uzembe. Na ili uwakala usihi, wakili sharti awe na akili, kwa kuwa asiye na akili hawezi kupokea agizo wala kulivunja.

Kwa kipimo hicho mfumo wa kompyuta hauwezi kuwa wakili, hata ukisifiwa kiasi gani kwa kujiamulia. Hauvuki mipaka kwa maana ya kisheria, wala hauzembei. Ukikodi seva elfu badala ya kumi, umefanya ulichoruhusiwa. Kwa hiyo mmiliki hawezi kusema kwamba alimwachia msimamizi na msimamizi ndiye aliyekosa. Hakuna aliyepokea amana kutoka kwake. Bado iko mikononi mwake, ingawa amelala.

Je, sheria za dini zimewahi kushughulikia kitu kinachotembea chenyewe, chenye kuleta faida na madhara, kisicho na akili ya kuulizwa? Zimeshughulikia sana. Kitu hicho ni mnyama wa kufugwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatenga hali mbili za ng'ombe anayemuua mtu kwa pembe. Ikiwa ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, ng'ombe atapigwa mawe na mwenyewe hana hatia. Ikiwa alikuwa na mazoea ya kupiga kwa pembe, mwenyewe akaonywa naye asimzuie, basi mwenyewe naye anastahili kufa, ingawa sheria inaruhusu atozwe fidia badala yake. Ng'ombe ni yuleyule na kifo ni kilekile. Kilichobadilisha hukumu ni habari iliyomfikia mwenye mali kabla ya tukio.

Katika Qur'ani, sura ya Al-Anbiya inamtaja Daudi na Suleiman wakihukumu juu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri husimulia kwamba Daudi aliamua kondoo wawe mali ya mwenye shamba, na Suleiman akaona njia ya kati: mwenye shamba awatumie kondoo hao, maziwa na sufu zao, huku mwenye kondoo akilihudumia shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja achukue chake. Na katika hadithi mashuhuri ya ngamia wa al-Bara' bin Azib aliyeharibu bustani, Mtume alihukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na uharibifu wa wanyama usiku uwe juu ya wenye wanyama. Maimamu Malik, Shafi na Ahmad waliifuata hukumu hiyo. Abu Hanifa alikuwa na maoni mengine, kwamba madhara ya mnyama aliyetoroka mwenyewe hayana fidia, awe ametoroka mchana au usiku. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafi yameenea kwa karne nyingi, kauli ya kwanza ndiyo iliyofundishwa madrasani.

Sababu ya kutofautisha mchana na usiku inastahili kuzingatiwa kuliko hukumu yenyewe. Mchana wanyama huachwa malishoni kwa desturi, na mkulima yuko shambani. Usiku desturi ni kuwafunga zizini, na mkulima amelala. Wajibu umewekwa juu ya yule ambaye desturi inamtaka alinde wakati huo. Sheria haikuuliza mnyama aliwaza nini. Iliuliza ulinzi wa kawaida ni upi, ulikuwa zamu ya nani, na kama ulifanyika.

Maswali hayo matatu yanatosha kabisa kwa mazingira ya kompyuta yanayojisimamia, na ni makali kuliko mijadala mingi ya siku hizi juu ya uwezo wa mashine kuwa na nia. Kuna ulinzi ambao umekwisha kuwa desturi katika ufundi huu: kiwango cha juu cha prosesa, muda wa mwisho wa kila kazi, kikomo cha bajeti chenye kutoa arifa, idadi ya majaribio, ruhusa finyu kwa kila kazi. Aliyewasha mfumo usiku bila kuyaweka hayo ameacha zizi wazi. Na aliyeletewa arifa mara mbili kwamba kazi fulani humeza kumbukumbu yote na kuziangusha kazi nyingine, akaifuta arifa, yuko katika hali ya mwenye ng'ombe aliyekwisha kuonywa.

Pana pingamizi lenye nguvu. Mnyama ana matamanio yake, anakwenda asikotumwa. Programu haina matamanio, inakwenda ilikoandikiwa tu. Kwa hiyo hukumu ya mnyama ni nyepesi mno kwa mwenye programu, ambaye angepaswa kubeba kila kitu kama aliyerusha jiwe kwa mkono wake. Pingamizi hilo lingeshinda kama programu ingeandikwa na mtu mmoja. Lakini kazi moja inayoendeshwa wingini ina maandishi ya watu wengi: mtafiti aliyeandika uchambuzi, wageni walioandika maktaba za programu alizozitumia, mhandisi aliyepanga mazingira, kampuni iliyoandika mkakati wa kuchagua seva. Helen Nissenbaum, katika makala ya 1996, alieleza jinsi wajibu unavyopotea katika kompyuta kwa kuwa mikono ni mingi, na Andreas Matthias mwaka 2004 akazungumzia pengo la wajibu lililoachwa na mashine zinazojifunza, ambazo hata mtengenezaji hawezi kutabiri zitakachofanya. Kwa mwenye kuendesha kazi, tabia ya mfumo uliojengwa na mikono ya wengi hivyo hukaribia kweli tabia ya mnyama: anaijua kwa mazoea, hajaiumba.

Hata hivyo pengo la Matthias halina budi kupunguzwa linapoletwa hapa. Mazingira ya uchakataji kwa mafungu kwa kawaida hayajifunzi. Yanafuata mipaka iliyoandikwa, na maandishi hayo yana mwandishi na tarehe. Kinachofanana na hiari ya mashine ni uamuzi wa mtu uliofanywa mapema, ukasubiri usiku wa kutekelezwa. Opereta wa 1956 aliamua papo kwa papo: aliiona kazi imekwama, akaikata. Leo uamuzi huo unafanywa wiki kadhaa kabla, mbele ya fomu au faili, na mtu ambaye hana kazi yoyote iliyokwama mbele yake ya kumwogopesha. Amana haijapungua; imesogezwa nyuma, ikatua mahali ambapo hakuna anayehisi uzito wake.

Ndiyo maana mipangilio midogo ya mfumo inafaa kusomwa kama maandiko ya maadili. Muda wa mwisho wa kazi ni mfano mmoja. Katika AWS Batch kazi inayoendeshwa kwenye seva za kukodi haina muda wa mwisho mpaka mtu auandike, na ukiandikwa hauwezi kupungua sekunde 60. Asiyeandika kitu, kwa hiyo, ameruhusu umilele. Kiwango cha juu cha prosesa ni mfano mwingine, na una fundisho la kustaajabisha: kwa baadhi ya mikakati ya kuchagua seva, nyaraka zinaeleza kwamba mfumo unaweza kukipita kiwango hicho, ingawa si zaidi ya seva moja. Sababu ni ya kiufundi tu, kwamba seva hazigawanyiki vipande ili kulingana na tarakimu ya mtumiaji. Lakini seva moja inaweza kuwa kubwa sana. Mwenye amana anayedhani ameweka ukuta, kumbe ameweka alama inayoweza kurukwa kwa hatua moja, ana wajibu wa kulijua hilo kabla ya kuwasha, kwa kuwa limeandikwa.

Foleni nayo ina suala lake, na hili ni la haki. Kazi zikiwa nyingi kuliko seva, mtu lazima angoje. Njia rahisi ni aliyetangulia ahudumiwe kwanza, na masikioni inasikika kuwa ya haki. Lakini mwenye kutuma kazi 10,000 asubuhi humfungia njia mwenye kazi moja ya dakika tano hadi jioni. Tena kazi iliyo mbele, ikiwa imeomba seva kubwa kuliko zinazoruhusiwa katika mazingira, inaweza kukaa hapo bila kuanza kamwe na kuwazuia walio nyuma yake. Kwa ugonjwa wa kwanza, Judy Kay na Piers Lauder wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapisha mwaka 1988 mpango wa mgawo wa haki: kila mtumiaji ana fungu lake, na aliyetumia sana siku za karibuni hushushwa mpaka wengine wamfikie, huku matumizi ya zamani yakisahauliwa kidogokidogo. AWS Batch ilipokea utaratibu wa namna hiyo mwaka 2021. Mwaka 2011 Ali Ghodsi na wenzake wa Berkeley walikwenda mbali zaidi, wakatafuta mgawo wa rasilimali za aina nyingi wenye sifa zinazoweza kuthibitishwa kwa hisabati: hakuna anayepata faida kwa kusema uongo kuhusu mahitaji yake, na hakuna anayetamani fungu la mwenziwe kuliko lake.

Mafanikio hayo yanapaswa kuheshimiwa. Ni mara chache wivu umewahi kufanyiwa hesabu na kuondolewa kwa uthibitisho. Hata hivyo Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili, alikwisha kuonyesha hesabu inapofikia mwisho wake: haki ya mgawo ni uwiano, kila mtu kwa kadiri ya stahili yake, na watu wote hukubaliana juu ya uwiano huku wakigombana juu ya stahili ni nini. Algoriti hupokea uzito wa kila idara kama tarakimu. Kwamba maabara ya malaria ipewe uzito mkubwa kuliko idara ya matangazo, au kinyume chake, hakuna theorema inayolisema. Anayeandika tarakimu hizo anahukumu kati ya watu, na kwa kuwa hukumu yake hutekelezwa kimyakimya kila sekunde, wanaosubiri hudhani hali ya foleni ni kama hali ya hewa. Kwa heshima yao inafaa waambiwe uzito huo uliwekwa na nani na kwa sababu gani.

Linabaki suala la mtu aliyewekwa pembeni ili aingie mambo yakiharibika. Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia wa kazi, aliandika mwaka 1983 juu ya kinyume kinachojificha ndani ya otomatiki: kadiri mfumo unavyofanya mengi, ndivyo mtu anavyoachiwa yale tu ambayo mbunifu alishindwa kuyaotomatisha, na ndivyo anavyopoteza mazoea ya kuyafanya. Aliwazia viwanda na vyumba vya kuongozea mitambo. Mazingira ya wingu yameiongezea hali hiyo ukali. Mhandisi kijana anaweza kufanya kazi miaka mitatu bila kukodi seva moja kwa mkono, kisha usiku mmoja akatakiwa aeleze kwa nini kazi mia tisa zimesimama. Kumlaumu peke yake ni dhuluma, maana walionufaika na usingizi wake miaka yote hiyo hawakumpa nafasi ya kujifunza kukesha. Mazoezi ya kuzima otomatiki kwa makusudi na kuendesha kwa mkono, ambayo wasimamizi wengi huyaona kuwa upotevu wa muda, ni sehemu ya ulinzi wa kawaida kwa maana ileile ya wanafikihi.

Sheria za serikali bado zimeuelekea upande mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari kubwa kwake uliotokana na uchakataji wa kiotomatiki peke yake. Kinga hiyo inahusu maamuzi juu ya watu. Maamuzi juu ya seva, foleni na majaribio hayatajwi, na pengine ni sawa yasitajwe, ingawa foleni ikichelewesha majibu ya vipimo vya wagonjwa mpaka siku ya tatu, tofauti kati ya kuamua juu ya mashine na kuamua juu ya mtu huwa nyembamba sana.

Kuulizwa kunahitaji kumbukumbu. Katika Injili ya Luka tajiri humwita wakili wake atoe hesabu, na hadithi nzima inategemea kuwepo kwa hati za madeni. Kazi iliyokwisha katika AWS Batch huonekana kwenye foleni kwa siku 7 angalau. Baada ya hapo huduma haiahidi kuitunza. Maandishi yaliyotolewa na programu yenyewe hukaa mahali pengine, na muda wa kuyahifadhi huchaguliwa na mtumiaji, ambaye hulipia kila gigabaiti. Kosa la mwisho wa mwezi likigunduliwa na wakaguzi robo mwaka baadaye, kinachoweza kujulikana juu ya nani aliruhusu nini hutegemea kabisa muda huo. Kuuchagua ni uamuzi wa kibinadamu kama kiwango cha juu cha prosesa na uzito wa foleni, na hufanywa siku ileile, na mtu yuleyule, kabla kazi ya kwanza haijatumwa.